Uzi wa Katani

Mimi si msomi. Mimi ni mfungaji.
Mji wa Daliang, uchochoro wa washona kofia,
mlango uliopinda: ulizia Luan wa vijiti.

Waandishi huniletea mianzi iliyochanwa vipande,
kila kipande mstari mmoja wa wino,
nami hupitisha uzi wa katani, juu, chini, juu,
mpaka maneno yashikane mikono,
yawe mkeka wa kukunjwa.
Wanasema vita huanzia mpakani.
Huanzia hapa, magotini pangu.

Nimefunga vita vya moto na vita vya maji.
Nimefunga hesabu ya punda na ya magunia,
namna ya kuvuka mto adui akiwa amelala,
namna ya kujifanya wewe ndiye uliyelala.
Gou Bi mwandishi hunisomea huku akinywa uji:
"Jemadari hodari hurudi na mishale yake yote."
Nikamwuliza, basi mbona vitabu ni vingi hivi?
Akalamba kijiko.

Siku moja alinichorea neno lenyewe, vita,
kwa kidole, kwenye majivu ya jiko.
"Hapa juu ni mkuki wenye kulabu.
Hapa chini, wapo wanaosema ni 'simama':
vita ni kuuzuia mkuki.
Wapo wanaosema ni wayo tu,
wayo wa mtu aendaye na mkuki begani.
Wakubwa hawajakubaliana."

Mimi niliona wayo.
Niliuona papo hapo, kidole gumba kimelala upande
kama cha Tuo, mwanangu,
aliyechukuliwa mtama ukiwa haujavunwa.
Nilimsukia viatu kwa katani hii hii:
jozi ya kwenda,
jozi ya kukaa,
jozi ya kurudi.
Akacheka. Akasema, mama, nitavivaa vyote mara moja
nikimbie kama farasi.

Kisha habari zikaja kama zijavyo, vipande vipande.
Bonde. Njia mbili zimezibwa.
Farasi wameliwa, kisha ngozi za ngao.
Kisha habari zikaacha kuja.

Majira ya theluji afisa aliingia na mfuko wa tandiko,
akaumwaga sakafuni: kitabu cha jemadari,
vijiti mia na ushee, vimetapakaa kama njiti za kuwashia moto.
Uzi haupo.
"Umeibwa," akasema. "Mwizi gani huyu,
aache hekima, abebe kamba?"

Nilikiokota kijiti kimoja. Kwenye ukingo wake
uzi ulikuwa umekatwa kwa meno.
Sikumjibu. Lakini nilimjua mwizi huyo.
Ni mtu ambaye kiatu chake kimekatika
na njia ya nyumbani ni ndefu.

Gou Bi alikuwa amekufa kwa kikohozi mwezi ule.
Hakuna wa kunisomea. Afisa alitaka kazi kesho.
Basi nikavipanga nijuavyo mimi:
vyenye matope pamoja, vyenye damu pamoja,
vilivyo safi, ambavyo hakuna aliyevifungua, mbele kabisa.
Na kile chenye wayo nilikiweka mwisho,
vidole vikielekea mlangoni.

Sasa wasomi hukaa mezani kwa bwana mkubwa
wakibishana juu ya mpangilio ule.
Mmoja amezeeka akiutafuta undani wake.
Husema: kwa nini kushambulia kunatangulia kuhesabu mchele?
Husema: hapa pana siri.
Wamenunua nakala, wamenunua nakala za nakala.

Kitu kimoja tu hawajakiuliza.
Mwisho wa kitabu, baada ya fundo,
nimeacha uzi ukining'inia, dhiraa mbili nzima,
katani bora, niliyoipaka nta mwenyewe.
Yeyote atakayekibeba kwenda vitani
asihangaike na meno.
Unatosha kiatu kimoja.
Viwili, ukibana.